Sauti Kwanza, Ala Baadaye: Kurekodi Nyimbo Zetu Nyumbani kwa Msaada wa Kompyuta



Mwaka 1928 Siti binti Saad, yule mwimbaji mashuhuri wa Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, ili sauti yake inaswe katika sahani za santuri za kampuni ya HMV. Aliyetaka sauti yake ibaki ilimpasa kuifuata mashine ilipo. Tena ilimpasa aende na wapigaji wake wote, kwani mashine za zama zile zilinasa kwa mkupuo mmoja kila kilichosikika mbele yake. Aliyekosea neno moja, au mpigaji akikosea noti moja, walirudia wote tangu mwanzo.

Leo mambo yamegeuka. Mashine ya kunasia sauti imo ndani ya nyumba zetu, na aghalabu imo mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi na mitano. Lililo gumu kwetu sisi tuishio ugenini ni kuwapata wapigaji. Mwimbaji yupo, ni mama au bibi aliye jikoni, ambaye kifua chake kimejaa nyimbo za harusi, za kubembelezea watoto na za taarabu. Lakini mpiga udi yuko wapi? Mpiga kanuni, mpiga nai, wapigaji fidla na mpiga dumbaki utawakusanya vipi katika mji wa Kiingereza, kila mtu akiwa na zamu yake ya kazi?

Hapo ndipo vijana wetu wanapoikimbilia kompyuta, ambayo siku hizi huweza kumpigia mwimbaji ala zote bila ya mpigaji hata mmoja kuwapo. Sina ugomvi na jambo hilo. Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kusisitiza kanuni moja ambayo nikiona inasahauliwa huingiwa na hofu: mashine ndiyo imfuate mwimbaji, mwimbaji asiifuate mashine. Ala za kompyuta zinaweza kutengenezwa upya wakati wowote, ama sauti ya bibi haitengenezeki upya.

WAPIGAJI WASIOONEKANA

Ni vyema kwanza tujue wapigaji hawa wametoka wapi. Mwaka 1983 watengenezaji wa ala za umeme walikubaliana juu ya lugha moja ya kuziunganisha ala zao, iitwayo MIDI. Lugha hii haibebi sauti. Hubeba amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hizi, kisha iachilie. Ni mfano wa karatasi ya mapishi, si chakula chenyewe. Ndiyo maana amri zile zile zaweza kutoa sauti ya piano, ya fidla au ya nai, kwa namna utakavyochagua.

Mwaka 1990 kampuni ya PG Music ya Kanada ilitoa programu iitwayo Band-in-a-Box. Mtumiaji huandika mafungu ya noti anayoyataka, huchagua mtindo na mwendo, na kompyuta humtungia besi, ngoma, piano na gitaa. Kuanzia matoleo yake ya 2007 na 2008, programu hiyo ikaongezewa vipande vilivyopigwa na wanamuziki wenyewe, ambavyo kompyuta huvikata na kuviunga kulingana na wimbo. Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa GarageBand, ambayo huja na hazina ya vipande vya ala na ni bure kwa wenye kompyuta na simu za kampuni hiyo. Asiyetaka kutumia fedha, na anayetaka kunasa sauti tu, anayo Audacity, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2000.

Kuna pia programu za akili mnemba zilizozuka miaka hii ya karibuni, ambazo huandikiwa maneno machache zikatoa wimbo mzima pamoja na sauti ya mwimbaji asiyekuwapo duniani. Hizo si maudhui yetu, kwani sisi mwimbaji tunaye.

HATUA YA KWANZA: MPIME MWIMBAJI

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. Kabla hujafungua programu yoyote, keti na mwimbaji wako, mwombe aimbe ubeti mmoja kama alivyozoea, pasi na chombo chochote. Pima mambo mawili.

La kwanza ni kimo cha sauti. Tafuta kwenye kibodi noti anayotua mwisho wa ubeti, kisha noti yake ya juu kabisa. Mtu wa miaka sabini hawezi kuimba pale alipoimba akiwa na miaka ishirini na mitano. Ukimwekea ala kwenye kimo cha sahani ya zamani, utamsikia akijikaza na kupasua sauti, kumbe angeshushiwa noti tatu tu angeimba kwa raha.

La pili ni mwendo. Hesabu mapigo kwa muda wa sekunde 15 kisha uzidishe kwa 4. Ukipata mapigo 22, mwendo wake ni mapigo 88 kwa dakika. Rudia hesabu hiyo katika kiitikio na katika ubeti wa mwisho. Aghalabu utaona tofauti, kwani mwanadamu huharakisha anapochangamka na hupunguza mwendo anapofika penye neno zito. Tofauti hiyo usiihesabu kuwa ni kosa.

HATUA YA PILI: CHAGUA NJIA MOJA KATI YA MBILI

Njia ya kwanza ni kutengeneza ala kwanza kisha mwimbaji akaimba juu yake. Hii yafaa kwa kijana aliyezoea kuimba na mpigo usiobadilika. Unaandika wimbo kwa vipimo vyake: kwa mwendo wa mapigo 88, wimbo wa dakika tatu wenye mapigo manne kwa kila kipimo utakuwa na vipimo 66. Vigawe kwa utangulizi, beti, viitikio na hitimisho, na uache vipimo viwili au vitatu baina ya beti ili mwimbaji avute pumzi. Kisha iamuru programu ipige.

Njia ya pili ni kunasa sauti kwanza, peke yake, kisha kuzifanya ala ziifuate. Hii ndiyo njia ya wazee wetu. Tuseme bibi anaimba wimbo wa kumtoa biharusi, na mwendo wake hupanda na kushuka baina ya mapigo 84 na 92. Ukimvisha vipokea sauti vya masikioni na kumpigia ngoma ya kompyuta isiyotetereka kwenye 88, atakuwa kama mtu anayelikimbilia basi: mara amelipita, mara limemwacha. Ladha yote itapotea. Mwache aimbe alivyozoea. Baada ya hapo, kijana apitie sauti ile akiweka alama kwenye kila pigo la kwanza la kipimo. Programu nyingi za kurekodi huweza kuzigeuza alama hizo kuwa ramani ya mwendo, na ala zitakazotungwa zitapanda na kushuka pamoja na bibi. Kazi hii yaweza kuchukua jioni nzima kwa wimbo mmoja, lakini malipo yake yanastahiki.

HATUA YA TATU: KUNASA SAUTI

Chagua chumba chenye zulia, mapazia mazito na kitanda, kwani vitu laini humeza mwangwi. Jikoni na bafuni hapafai. Zima jokofu la karibu na kipasha joto chenye feni, na ukumbuke kuliwasha tena jokofu.

Maikrofoni iwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, yaani sentimita 20 hivi, nayo ielekezwe upande kidogo ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isiivume. Maikrofoni nzuri huunganishwa na kompyuta kwa kisanduku maalumu, ingawa zipo zinazochomekwa moja kwa moja. Weka nguvu ya sauti ili mwimbaji anapopaza kabisa, kipimo kibaki chini ya sifuri kwa desibeli 6 au zaidi. Ikigusa sifuri sauti huvunjika, na mvunjiko huo hautengenezeki sawasawa.

Huenda mwimbaji akalalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa. Sababu yake ni kwamba kompyuta hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuishughulikia. Sauti inaponaswa kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, fungu la vipimo 128 huchukua chini ya milisekunde 3, na fungu la 1,024 huchukua zaidi ya milisekunde 21, na hiyo ni safari ya kuingia tu. Punguza ukubwa wa fungu wakati wa kunasa, na uuongeze wakati wa kuchanganya.

Ikiwa mwimbaji anaimba juu ya ala, ni lazima azisikie kwa vipokea sauti vinavyoziba masikio, wala zisitoke kwenye spika. Zikitoka kwenye spika zitaingia katika maikrofoni, na itakuwa vigumu kuzitenganisha kabisa na sauti. Mzee asiyependa kuzibwa masikio na aachiwe sikio moja wazi, au arejee kwenye njia ya pili.

Nasa mara tatu. Mara ya kwanza huwa ya woga, ya pili ya uangalifu, na ya tatu, mtu akishasahau kuwa ananaswa, ndiyo aghalabu inayogusa moyo. Usifute yoyote.

HATUA YA NNE: PENYE MTEGO

Hapa naomba uangalifu zaidi, maana ndipo nyimbo zetu zinapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Mtego wa kwanza ni ule wa mafungu ya noti. Programu hizi zilitungwa kwa muziki wa Marekani na Ulaya, ambao chini ya lahani hujengwa mafungu ya noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Taarabu ya kale ya Unguja haikujengwa hivyo. Fidla, udi, kanuni na nai hupiga lahani ile ile aimbayo mwimbaji, kila ala ikiipamba kwa namna yake. Ukiiachia kompyuta ijaze mafungu kila kipimo, wimbo wa bibi utasikika kama muziki wa hotelini. Dawa yake ni kuipunguzia kazi. Iachie ngoma na besi, na pengine noti moja ndefu ya fidla chini yake. Lahani yenyewe iandike kwa mkono wako kwenye kibodi, ukiifuata sauti ya mwimbaji.

Mtego wa pili ni robo za sauti. Kibodi ya kizungu huigawa ngazi ya muziki katika hatua 12 zilizo sawa. Baadhi ya maqamu tuliyoyarithi kutoka kwa Waarabu hayaingii humo. Nahawand na Ajam hukaa vizuri kwenye kibodi, na Hijaz hukaribia. Lakini katika Rast noti ya tatu, na katika Bayati noti ya pili, huangukia baina ya vitufe viwili. Suala hili si geni: mwaka 1932 mabingwa wa Kiarabu na wa Ulaya walikutana Cairo katika kongamano la muziki wa Kiarabu, na ngazi za sauti zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyajadili kwa kirefu.

Bibi hakuhudhuria kongamano hilo, lakini koo lake linaijua noti hiyo. Kompyuta ndiyo isiyoijua. Tangu mwaka 1997, ilipotoka programu iitwayo Auto-Tune, kumekuwapo vyombo vinavyonyoosha sauti ya mwimbaji na kuivuta kwenye hatua iliyo karibu. Kijana akikibonyeza kitufe hicho juu ya wimbo ulio katika Bayati, mashine itaihesabu noti sahihi ya bibi kuwa ni kosa na itaisahihisha. Matokeo yake ni msiba mdogo usio na kelele: mjukuu atajifunza wimbo kutoka kwenye rekodi ile, naye ataamini kuwa ndivyo ulivyoimbwa. Msiitumie zana hiyo kwa nyimbo za aina hii.

Lililo sahihi ni kuilegeza kompyuta. Katika lugha ya MIDI ipo amri ya kupinda noti. Kwa kawaida amri hiyo huweza kuishusha noti hatua mbili za kibodi, kwa hivyo robo ya mpindo wote wa upande mmoja hukupa nusu ya hatua moja, ndiyo hiyo robo ya sauti. Kwa kuwa amri hiyo hupinda noti zote za ala husika kwa pamoja, itumie kwa ala zinazopiga noti moja moja, kama nai au fidla. Zipo pia kibodi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za Kiarabu zenye vitufe vya kushusha noti utakazo, na baadhi ya programu, kama Ableton Live kuanzia toleo lake la 12 la mwaka 2024, huruhusu ngazi zisizokuwa za kizungu. Kila unapotia shaka, inyamazishe ala. Udi uliokosekana hauudhi kama udi uliopigwa nje ya maqamu.

Kwa familia zisizopendelea ala za nyuzi, mashaka haya yote hupungua. Mpigo wa dufu peke yake unatosha, tena dufu lenyewe laweza kupigwa nyumbani na kunaswa kwa maikrofoni ile ile. Kanuni haibadiliki: sauti kwanza, mpigo uifuate.

HATUA YA TANO: KUCHANGANYA NA KUHIFADHI

Unapochanganya, shusha ala zote hadi kimya, weka sauti ya mwimbaji pahala pake, kisha uziinue ala moja moja na usimame mara tu zinapoanza kusikika vyema. Wengi hufanya kinyume, wakaishia na ngoma inayotikisa madirisha na bibi anayenong'ona nyuma yake. Kipimo changu ni hiki: mtu asiyeujua wimbo aweze kuyaandika maneno yake yote kwa kusikiliza mara mbili. Mwangwi kidogo unapendeza. Ukizidi humfanya mwimbaji kama yumo kisimani. Sikiliza kazi yako kwenye simu na ndani ya gari, maana huko ndiko jamaa watakakoisikilizia.

Kisha ihifadhi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapopotea. Weka faili la sauti ya mwimbaji peke yake, likiwa tupu, bila ala, bila mwangwi na bila kunyooshwa. Liwe katika muundo wa WAV, usiopunguza kitu, na si MP3 pekee. Sauti ya maikrofoni moja, ikinaswa kwa vipimo 48,000 vya biti 24, huchukua takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne hautimizi megabaiti 35. Ni mzigo mdogo kwa vyombo vya leo. Kando yake weka faili za ala na faili la mchanganyiko wa mwisho. Nakala ziwe tatu, na moja ikae kwenye nyumba nyingine, kwa dada au kwa ami.

Andika pia karatasi: jina la mwimbaji, tarehe, mji, maneno ya wimbo, wimbo huimbwa lini, naye alifundishwa na nani. Faili lililoandikwa "Bibi 2" halitamwambia kitu mtu wa miaka thelathini ijayo.

IDHINI

Neno la mwisho ni la adabu. Kunasa sauti si ruhusa ya kuitawanya. Nyimbo za unyago na baadhi ya nyimbo za harusi huimbwa baina ya wanawake peke yao, na mama anayeimba mbele ya binti zake huenda asiridhie sauti yake ipite kwenye simu za watu asiowajua. Muulize kabla ya kunasa, na umuulize tena kabla ya kutuma. Akisema ibaki nyumbani, ibaki nyumbani. Na ikiwa wimbo una mtunzi ajulikanaye, mtunzi huyo ana haki yake, hata kama ala umezitengeneza wewe.

Nawaomba wazazi wenye vijana waijuao kompyuta wawape kazi moja katika likizo ijayo: wamkalishe mzee mmoja wa nyumba yao, wamnase nyimbo tatu kwa sauti tupu, na waandike karatasi yake. Ala wataziweka baadaye kwa nafasi yao, na wakizichoka watazibadilisha. Asiye na kompyuta aanze na simu, chumba chenye mapazia na mlango uliofungwa. Mwenye umri wa miaka themanini tusimwambie asubiri mpaka tununue maikrofoni.